Majani Yaliyoahidiwa Ng'ombe

Kaka yangu hakuwa na huruma na watu wa kwenye hadithi zangu. Kila nilipomaliza kumsimulia moja alisema neno lilelile: "Angenyamaza tu." Mtu amefanya ubaya, ubaya umefichika, hakuna anayemshuku, kisha yeye mwenyewe anaanza kuzungukazunguka penye siri yake mpaka anajitaja. Kaka aliona huo ni uzembe. Alikuwa mkulima wa mpunga, na watu wote aliwapima kwa kazi. Huyu, alisema, amelima, amepalilia, amevuna, halafu ameacha mdomo wa gunia wazi.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ifakara. Kibanda changu kiko karibu na mashine za kukoboa, kwa hiyo baiskeli nyingi ninazotengeneza zimeumia kwa kubeba magunia. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe ukubwani, kwa kamusi na redio, na vitabu vilinijia kwa bahati: mgeni mmoja aliyekuwa akifanya utafiti wa mbu, ambaye nilimnyooshea rimu mara nyingi kwa sababu hakuwahi kujifunza kukwepa mashimo, aliniachia boksi zima alipoondoka. Sehemu kubwa zilikuwa hadithi fupi za zamani za kutisha, za nchi za baridi. Nyumba kubwa za mawe, koo zinazokwisha, milango isiyofunguliwa.

Nilizisoma kwa utaratibu. Mara ya kwanza bila kamusi, nikiyaruka nisiyoyajua. Mara ya pili na kamusi. Mara ya tatu nafunga kitabu na kumsimulia mtu kwa Kiswahili, maana nisipoweza kuisimulia najua sijaielewa. Mtu huyo alikuwa kaka, kila alipokuja mjini. Alikaa kwenye benchi, nami nikikaza spoku nasimulia. Jirani yangu mwenye duka, ambaye babu yake alitoka pwani na kufungua duka hilohilo, alisikiliza kutoka kwenye dirisha lake la kuuzia na kulalamika. "Hadithi zako hizi, fundi, hazina hata mtu mmoja anayekula akashiba," alisema. "Ndiyo maana wanafanya mambo ya ajabu."

Kilichonishika katika hadithi hizo hakikuwa mizimu. Walinishika wale wanaosimulia habari zao wenyewe. Wanajitetea kabla hawajashtakiwa. Wanaeleza kwa mpangilio mzuri, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia, na ndani ya mpangilio huo unaona kwamba hawana usukani tena. Na nyingi zina saa moja inayofanana: mtu amesimama mbele ya jambo litakalomwangamiza, analiona wazi, hana faida nalo hata kidogo, na analifanya kwa sababu hiyohiyo, kwamba hapaswi kulifanya. Nilipata taabu kumweleza kaka. Nikamwambia ni kama ulimi unaorudi kwenye jino bovu. Alifikiri, akasema jino ni lako mwenyewe, lakini hawa wanaumiza na wenzao.

Ipo moja aliyoipenda kuliko zote, ya mtu aliyemwangamiza jirani yake pasipo kuonekana. Msiba ulipowekwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alipokea wageni, alibeba viti, alilia kuliko wenye msiba, mpaka wafiwa wakamfanya msimamizi. Kaka aliicheka sana hadithi hiyo. Kumbe aliichukua mpaka shambani, akawasimulia majirani zake wakati wa kupumzika. Nililijua hilo baadaye sana.

Shamba lake liko ng'ambo ya mto, ukishavuka daraja la Kivukoni na kuiacha barabara. Wakati wa msimu yeye na shemeji yangu walihamia huko kama watu wote wanavyohamia, wakakaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti ili maji ya mto yakipanda yapite chini. Upande mmoja alipakana na mama mmoja mjane aliyelima peke yake. Upande mwingine, penye mwinuko, alikuwapo mzee mmoja Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Wengi hawakumpenda, kwa sababu ya ng'ombe. Yeye na kaka walipatana. Kila baada ya mavuno kaka alimwachia majani ya mpunga, ng'ombe wanayala, wanaacha mbolea. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Asubuhi kaka alimwamkia "Mwangaluka," neno pekee la Kisukuma alilolijua, na mzee alimjibu kwa maneno mengi makusudi ili kumchanganya, kisha wote wawili wakacheka.

Kuhusu moto kuna desturi ambayo kila mtu bondeni anaijua. Anayetaka kuchoma majani hupita kwa majirani siku moja kabla na kuwaambia, "Kesho nachoma." Kesho yake wanakuja na matawi mabichi ya kupigia moto, wanafyeka njia ya kuuzuia kuzunguka pale, wanaangalia upepo, ndipo kiberiti kinawashwa. Hata mtu mliyegombana naye unamwambia. Asiyesema, na moto ukaruka, hahesabiwi kuwa amepatwa na ajali.

Mwaka ule mpunga ulikuwa mzuri. Kaka alishaupiga wake kutoa punje na kusafirisha magunia. Mama mjane alikuwa hajapiga. Alishavuna na kuurundika vizuri, mashuke yakitazama ndani, akisubiri ndugu zake waje kumsaidia. Kati ya rundo lake na shamba la kaka palikuwa na majani makavu ya kaka, yale aliyomwahidi mzee wa ng'ombe.

Siku ya moto kaka alifika kibandani kwangu alasiri. Alikuwa ameoga na shati lake lilikuwa bado na unyevu mgongoni. Aliniomba nimsimulie tena ile ya mtu wa msibani. Nilimwambia anaijua kuliko mimi. Akasema hata hivyo. Nikasimulia, na safari hii hakucheka wala hakusema lile neno lake. Aliuliza swali moja tu: "Huyo mtu, kabla hajafanya, alijua kwamba atafanya?" Nikamjibu kwamba kitabu hakisemi. Akatikisa kichwa, akanunua sabuni dukani kwa jirani, akakaa tena.

Jioni shemeji alinipigia simu kwa kuwa simu ya kaka haikupokelewa. Rundo la mama mjane limeungua lote. Moto umetokea kwenye majani yetu. Kaka alisikia sauti ya mke wake kwenye simu yangu, akapanda baiskeli bila kuaga.

Kwenye mkutano wa kijiji hakuna aliyemfikiria kaka. Moto ulipoonekana alikuwa mjini, mimi na jirani yangu tulimwona. Na yale majani hayakuwa yake tena, yalikuwa ya ng'ombe. Mtu achome alichokwisha kukitoa ili iweje? Waliokuwa wakishinda pale ni vijana wa yule mzee, na asubuhi ile walionekana wakipika uji. Hilo lilitosha. Mzee alisimama akauliza jambo moja, na waliokuwapo waliniambia aliliuliza taratibu: "Nichome chakula cha ng'ombe wangu ili nipate nini?" Hakujibiwa. Iliamuliwa ahame na mifugo yake kabla ya mvua. Kaka alikuwapo. Hakusema kitu.

Kuanzia hapo alibadilika, na mabadiliko yake yalimletea sifa. Mtu akiunguliwa, kila kaya inampa debe la mpunga. Kaka alitoa debe lake, kesho yake akapeleka gunia, halafu mengine, mpaka shemeji akaja kuniuliza kama nimemshauri mimi. Alimwezekea mama yule dungu. Msimu ulipokaribia alimlimia shamba kabla ya kulima lake. Watu walisema ana moyo, na wakamtania kwamba anatafuta mke wa pili, na yeye, ambaye alipenda utani kuliko mtu yeyote ninayemjua, aliondoka bila kujibu.

Tena alipenda kuuzungumza moto. Watu walikuwa wameshahamia kwenye habari za mbegu na mvua, yeye anawarudisha. Aliwauliza wanadhani ulianzia wapi hasa. Aliwapeleka mpaka mahali penyewe, akawaonyesha palipoungua zaidi, akawaambia kwamba angekuwa yeye mwenyekiti angeuliza nani alipita hapa mchana. Mara moja alinipeleka na mimi. Alisimama akapiga ardhi kwa kisigino, akanitazama, akangoja. Nilimwambia tuondoke, jua kali. Nilikuwa nimesoma kila kitu ambacho mtu angehitaji kusoma ili aelewe anachokiona, na sikuelewa. Nilidhani hadithi zile zinahusu nyumba za mawe.

Mvua zilipokaribia, yule mzee Msukuma alikuja kibandani na baiskeli iliyovunjika keria. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi pale anapokaa kaka. Aliniambia vijana wameshatangulia na ng'ombe, yeye anafuata na vyombo. Niliitengeneza keria vizuri kadiri nilivyoweza na nikakataa malipo, naye hakubishana.

Alipokwishapanda, mguu mmoja ukiwa bado chini, akasema, "Kaka yako nimemkosa. Mwambie namsalimu. Mwambie yale majani hayana neno. Mwambie mimi sikusema."

Niliitikia kwamba nitafikisha. Nilichukulia kwamba anaaga bila kinyongo, kama watu wazima wanavyoaga. Jirani yangu alichungulia kutoka dirishani akasema yule mzee ana adabu kuliko waliomfukuza.

Siku kaka alipokuja nilimpa salamu zile neno kwa neno, nikiendelea kunyoosha rimu. Nilizungusha gurudumu mbele ya jicho kuona linapoyumba. Kisha nikageuka. Alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya magoti, na machozi yanamtoka kama ya mtu aliyelala.

"Aliniona," alisema.

Nikauliza nani.

"Mzee. Alikuwa kwenye mwinuko na ng'ombe. Tuliangaliana. Mkutano mzima nilikuwa namngoja aseme, na hakusema."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya jirani, na kwa mpangilio ulionitia baridi, kwa kuwa niliutambua. Alikuwa amepita shambani kuchukua jembe lililosahaulika. Hakuwa na hasira na mtu. Hakuwa amekunywa. Kiberiti kilikuwa mfukoni kwa ajili ya sigara.

"Nilisimama mbele ya majani," alisema. "Upepo unatoka mtoni, unakwenda kwa mama. Niliuona. Majani nimeshayatoa. Sijamwambia mtu kwamba nachoma, kwa sababu sichomi. Nikatoa kiberiti. Nikajiambia, usiwashe. Na pale nilipojiambia usiwashe, ndipo mkono ukawasha."

"Kwa nini?"

"Nakuuliza wewe," kaka alisema. "Wewe ndiye unayesoma."

Gurudumu lilikuwa bado linazunguka mkononi mwangu. Nilitafuta kichwani katika yote niliyosoma na kuyaandikia maana, na nilichokipata ni kwamba wote wale walijua kulieleza jambo hilo vizuri sana na hakuna hata mmoja aliyejua limetoka wapi. Nikamwambia sijui. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba dawa hiyo haipo hapa wala mjini.

Tulimtafuta mzee. Namba yake haikupatikana, siku hiyo wala siku zilizofuata. Tulisikia ng'ombe wengi wamepita upande wa Mngeta, tukapanda basi mimi na kaka, tukaulizia vijiji vilivyo jirani na shamba kubwa la mpunga lililoko huko. Watu wanaokwenda kwenye vibarua walituambia ng'ombe wamepita kweli, ila ng'ombe wanapita kila wakati, na wazee wenye baiskeli ni wengi. Mama lishe mmoja alidhani amemwona akielekea mbele zaidi, kisha akasema labda alikuwa mwingine. Kaka alinunua chai, haikunyweka, tukarudi. Njiani aliniambia kwamba atasema. Nilimwambia afikirie mke wake, afikirie polisi, afikirie yatakayompata. Alisema hayo ndiyo anayoyataka. Nilimjua kaka tangu utoto na sikuwahi kumwona akitamani kitu kwa namna ile.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa maandalizi ya msimu. Nilifunga kibanda nikaenda, nikakaa karibu naye. Walizungumza barabara ya shambani, wakazungumza pembejeo, wakazungumza ada ya mlinzi. Kaka aliyangoja yote yaishe. Mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo, akauliza kama kuna mwenye neno la nyongeza, kaka akasimama na kuvua kofia.

Aliyasema yote. Kiberiti, upepo, majani, kuoga mtoni, kuja kwangu mjini. Alisema mzee Msukuma hakuhusika na alijua kila kitu. Hakuomba msamaha, alisema tu kwamba yuko tayari kwa lolote watakaloamua, na akabaki amesimama.

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Kaa chini, kaka, jua limekuwa kali," na wachache wakacheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti hakucheka. Alimtazama kaka kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko kicheko, akasema mwenzetu amechoka, miezi yote hii amembeba mama wa watu mgongoni, mwili nao una kikomo.

Kaka akasema hakuchoka. Akarudia tangu mwanzo.

Mama mjane akasimama. Nilifikiri yeye ataamini, kwa kuwa yeye ndiye aliyepoteza. "Huyu ndiye aliyenilisha," alisema. "Ndugu zangu wa tumbo moja hawakuja. Kama ndiye aliyenichomea angenilisha kwa nini? Mnamwacha anajichafua mbele ya watu, na wote mnajua tangu lini hayuko sawa. Tangu yule mzee aondoke."

Hapo ndipo jambo lilipogeukia. Neno hilo lilikuwa likingoja mtu wa kulisema. Wakaanza kukumbushana: yule mzee alisimama kwenye mwinuko siku ya kuondoka akilitazama shamba la kaka, alipeleka salamu zilizosikika dukani kwa jirani yangu, ambazo hakuna anayejua maana yake, kaka alikonda tangu siku alipozipokea. Mzee amemfungia jambo kichawi, ili aliyekuwa rafiki yake aubebe uovu wake. Ushahidi wa kaka dhidi ya nafsi yake ukawa ushahidi mpya dhidi ya mzee yuleyule, ambaye hakuwapo tena hata kuuliza swali.

Nilisimama. Nilisema kwamba salamu nilizileta mimi na zilikuwa salamu za mtu mwema. Nilisema kaka ameniambia mambo hayo kabla ya leo, kwa akili timamu, na kwamba naamini kila neno.

"Wewe, fundi, ungekaa kimya," mwenyekiti alisema. "Vitabu vyako tunavijua."

Mtu mwingine akadakia: ile ya yule aliyekwenda kupokea wageni msibani. Si kaka yako mwenyewe alitusimulia tukiwa kwenye mapumziko? Mtu ametenda ubaya, halafu anasaidia wafiwa, halafu anajitaja. Ni hiyohiyo, amebadilisha msiba akaweka mpunga. Wakaitikia wengi kwamba ndiyo, wanaikumbuka, waliicheka sana. Kaka alinigeukia. Nimejaribu mara nyingi kukisoma kile nilichokiona usoni mwake. Hakikuwa lawama. Alionekana kama mtu aliyebisha hodi nyumba nzima, mlango kwa mlango, na sasa amefika wa mwisho.

Mkutano ulifungwa kwa sala.

Katika hadithi zangu kukiri ni mwisho. Mtu anajitaja, kurasa zinakwisha, kinachobaki ni kazi ya askari na jela. Sikuwahi kujiuliza kuhusu wasikilizaji. Niliona ni jambo la hakika kwamba watasikia.

Tulikwenda hadi kituo cha polisi, kwa kuwa alisisitiza. Tuliulizwa mlalamikaji ni nani. Mama mjane alipoitwa alisema hana malalamiko na mtu yeyote, na akaomba kaka apelekwe hospitali. Shemeji alikubaliana naye. Hospitali walimsikiliza kwa heshima, wakampa vidonge vya usingizi. Shemeji alimpeleka pia kuombewa, na mahali pengine ambapo hakuniambia. Mimi aliacha kuniita kwa utani. Siku moja alikuja kibandani, akasimama nje ya kivuli, akasema, "Shemeji, nilikuwa na mume anayecheka. Ulimwekea nini?" Nilimpa kiti, hakukaa. Boksi la vitabu lilikuwa palepale nyuma yangu, chini ya tairi za zamani. Jirani yangu, ambaye ana neno kwa kila jambo, alijifanya anapanga sabuni.

Sasa ni baada ya mavuno mengine. Kaka amevuna vizuri. Mikono yake inajua kazi hata yeye asipokuwapo. Mpunga ameurundika palepale katikati ya shamba, na hajaupiga. Wote wameshapiga, wamefunga magunia, wamerudi kijijini, wanakuja tu kuchoma majani. Majani makavu yamelizunguka rundo lake kila upande, na huu ni wakati wa kuchoma. Tangu asubuhi moshi unaonekana huku na kule bondeni. Majirani wanapita kwake kama desturi inavyotaka, wanamwambia, "Kesho tunachoma," naye anawaitikia vizuri, anawashukuru, na hafanyi kitu.

Nilimwambia nitaleta watu tuupige kwa siku moja. Alisema ataupiga mwenyewe. Shemeji anaogopa kumlazimisha. Mwenyekiti anasema tusimsumbue mgonjwa. Basi ninachoweza kufanya ni kufyeka. Nafunga kibanda mchana, navuka daraja, namkuta kwenye ngazi ya dungu. Naondoa majani kuzunguka rundo, nakwangua kwa jembe mpaka udongo uonekane, upana wa kutosha moto usiruke. Yeye ananiletea maji ya kunywa. Ananiuliza habari za mjini, za jirani yangu, za baiskeli. Hazungumzii moto tena, wala haniombi hadithi.

Mara ya kwanza niliporudi kuangalia, njia niliyoifyeka ilikuwa imefunikwa. Nikamuuliza nani ameweka majani. Akasema upepo. Lakini yalikuwa yamelazwa kwa mpangilio, yote yakielekea upande mmoja, kama mtu anavyomtandikia mgeni. Niliyaondoa. Nilipokuja tena yalikuwa yamerudi. Niliyaondoa tena.

Leo nilianza mapema kwa kuwa upepo ulikuwa umeongezeka. Nilipomaliza alikuwa amesimama karibu, kikombe mkononi, ananitazama nikijifuta jasho.

"Wale watu wako wa kwenye hadithi," kaka alisema, "walikuwa na watu wa kuwakamata."

Nikanywa maji. Nilimwomba, kama mdogo anavyomwomba mkubwa wake, aache kuyarudisha majani. Nilimwambia mzee wa watu alisema hayana neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipokea kikombe, akaniambia niende, wateja wananingoja.

Niliisukuma baiskeli mpaka kwenye tuta la njia kuu, nikageuka. Alikuwa ameinama tayari, amekumbatia majani kifuani, anayashusha taratibu juu ya udongo nilioukwangua. Upande wa mto mtu alikuwa ameanza kuchoma. Moshi ulipanda wima kidogo, kisha ukalala kuelekea kwetu.

Nililaza baiskeli chini. Nikachukua jembe, nikarudi, nikaanza tena upande wa mtoni, kwa sababu ndiko upepo ulikokuwa ukitoka. Yeye alikuwa upande wa pili wa rundo. Sikumwona, nilikuwa nasikia tu majani yakishuka.